Mangi Elisaria na Ukuta wa Uji

Mangi Elisaria, muuza rangi wa Kariakoo, alikuwa na majivuno yaliyowachosha majirani: alidai hakuna unga wa dukani asioweza kuutambua kwa kuusugua vidoleni huku amefumba macho. Chokaa, sementi, rangi ya sakafu, vyote alivitaja kwa majina, na usipomsifu ananuna mpaka mchana.

Barazani kwake alishona nguo Angelina, mama mcheshi kutoka Masasi. Huko kijijini kwao kina mama walikuwa wamechoka kuona watoto wanashiba ugali wa muhogo na bado wanadhoofika. Basi wakakaa kikao wenyewe, bila kungoja mgeni wa kuwafungulia mkutano, wakalima shamba la pamoja: kunde, mchicha na viazi lishe, vile ambavyo ndani vina rangi ya chungwa. Watoto wakanawiri, wakaanza hata utundu. Viazi vilipozidi, wakavikata, wakavianika na kuvisaga, kisha wakamtumia Angelina kiroba cha unga kwa basi, wajue kama watu wa Bongo watakubali uji wake.

Kiroba kilifika Angelina akiwa amepeleka magauni Buguruni. Mwenye guta la mizigo aliyekitoa stendi akakibwaga dukani, akapotea na shughuli zake. Elisaria, akidhani ni mzigo wake, akakifungua, akachota kidogo, akafumba macho, akasugua.

"Rangi ya ukuta hii!" akatangaza. "Tena ya ng'ambo."

Mara akaingia Mzee Kitwana wa Ilala, aliyekuwa anaozesha binti yake, Sitara, kesho yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nipe rangi ya kuwanyamazisha majirani."

Akafungiwa nusu ya kiroba, akaondoka anacheka peke yake.

Asubuhi iliyofuata mzee alirudi na jogoo kwapani. Mdomo wa jogoo ulikuwa wa rangi ya chungwa mpaka machoni.

"Mangi, huyu amekula ukuta wangu mpaka karibu na dirisha," mzee akasema. "Na mbuzi wa jirani yuko upande wa mlangoni, hataki kuondoka."

"Kuku wako ana njaa, mzee. Rangi haina kosa."

Angelina, aliyekuwa ndiyo kwanza anafunua cherehani yake, akamwangalia jogoo, kisha akachungulia dukani na kukiona kiroba. Akashika kiuno.

"Mangi! Umepaka uji wa wenzangu ukutani?"

Elisaria akachovya kidole kirobani. Akalamba kidole. Kilikuwa kitamu. Akatamani kuingia kwenye ndoo ya chokaa na kufunika kifuniko.

Angelina akampigia simu Anifa, mwenyekiti wa kikundi, akaweka sauti kubwa ili mkosaji asikie. Anifa alisikiliza hadithi yote.

"Na huo ukuta," akauliza, "wameuonaje? Mtamu?"

Kicheko cha kina mama waliomzunguka Anifa huko Masasi kilijaa dukani, hata mzee akacheka, na jogoo akawika. Walipotulia, Anifa akatoa hukumu: Mangi aupake upya ukuta wa mzee kwa rangi ya kweli, tena yeye mwenyewe, halafu unga uliobaki awapikie wageni wa harusi.

Hivyo ndivyo Elisaria alivyojikuta uani Ilala, suruali imejaa rangi, anakoroga sufuria kubwa huku Angelina amemsimamia kama trafiki.

"Koroga, Mangi! Unafanya mabonge!"

"Nakoroga!"

"Hapo unapapasa tu!"

Uji ulitoka na mabonge machache, lakini wageni waliurudia. Bibi harusi alikunywa na shela yake kichwani, akaomba wa kubeba. Mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa-mgonjwa akamvuta Angelina pembeni amweleze mbegu zinapatikana wapi. Angelina akamweleza taratibu, machozi yanamlengalenga, maana hilo ndilo wenzake walilotaka kusikia.

Elisaria naye sifa zikampanda kichwani. Akampigia Anifa.

"Mama Mwenyekiti, kwa uzoefu wangu, naomba niwe msimamizi wenu."

"Shamba letu tunalisimamia wenyewe, baba. Mavuno yakianza, wewe njoo na kisu."

Akaenda kweli. Alipofika Masasi akakata kiazi kimoja na kidole kimoja. Kina mama wakamfunga kitambaa, wakamlisha kunde mpaka akalegea, kisha wakampa kazi ya kuwafukuza ngedere kwenye viazi vilivyoanikwa. Akaifanya kwa moyo wote, fimbo mkono mmoja na simu mkono mwingine, akiwaambia wateja wake wa Kariakoo kwamba hawezi kuongea sana, yuko kikaoni na wataalamu.