Moshi Uliolizuia Jua Juu ya Zahanati

Jua liko juu, lakini ngazi iliyoegemezwa ukutani mwa zahanati haina kivuli. Juu ya paa, mwanamke aliyejifunga kitambaa puani anapangusa paneli za sola. Anashuka, anatazama mita ya betri, anaguna. Paneli zinang'aa, ila umeme unadondoka kidogo kidogo tu.

Hapa kila mtu humwita Mama Miale. Ufundi wa sola alifundishwa na kaka yake.

Misitu inaungua mbali, nyuma ya milima. Juzi upepo uligeuka ukauleta moshi wote huku.

"Nilidhani ni vumbi," anasema. "Nikasugua mpaka mabega yakauma. Kumbe lililochafuka ni anga lenyewe!"

Siku hiyo muuguzi alimfuata mbio. "Dada, friji ya chanjo ikizima, watoto wataondoka hivi hivi."

Alimpigia simu kaka yake. Akaambiwa chembe za moshi ni ndogo mno. Nyingi huutawanya mwanga huku na huko, hasa wa buluu, ndiyo maana jua hubaki jekundu. Masizi meusi nayo huumeza mwanga, yakapata joto hukohuko angani.

"Kwa hiyo jua lipo, ila linaliwa njiani?"

"Ndivyo, mdogo wangu. Ninyi mnapata makombo."

Akatoka uani, akaduwaa. Koti jeupe la muuguzi lilikuwa rangi ya chungwa. Ukuta, ndoo, viganja vyake mwenyewe, vyote vimegeuka shaba.

"Nilisahau hata kuogopa," anasema kwa sauti ya chini. "Kitu usichokiona hata kwenye ncha ya kidole, kimelishika jua zima!"

Kisha akarudi kazini. Alizima taa, feni, pampu na chaja za simu, makombo yote akayapeleka kwenye friji.

"Mama Miale, hata simu yangu unainyima chakula?" alilalamika mgonjwa mmoja.

"Vumilia, baba. Watoto kwanza."

Friji haikuzima. Leo, moshi ukiwa bado umetanda, kina mama wamepanga foleni, na vilio vya sindano vinasikika hadi nje. Mama Miale anavisikiliza akitabasamu.

Anaomba zahanati iongezewe betri, naye ajifunze kupima moshi kabla haujawafikia.

"Moto ule siwezi kuuzima," anasema. "Ila ukirudi mwakani, anga likianza tu kubadilika rangi, nataka betri ziwe zimeshashiba."