Achieng Aliazima Yoga ya Mwenzake

Wakuu, heshima zenu. Mimi ni nyanya, shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo msinisahihishe herufi. Haya niliyaona kwa macho yangu, kabla hayajaingia ukungu.

Miaka ya tisini nilikuwa na wake wawili wa wanangu kwenye boma moja, karibu na Oyugis. Rose na Achieng. Kwetu wake wa ndugu huitana nyieka, na hao walipendana kuliko dada wa tumbo moja. Chumvi moja, kisu kimoja, leso ya kanisani kwa zamu.

Hata dawa. Mmoja akipewa tembe hospitali anamkatia mwenzake. Huku kwetu ukinyima utaitwa mchawi.

Rose alizaa kwa shida, mtoto mkubwa kama ndama. Baada ya hapo mkojo ukawa unamtoka ovyo. Akicheka unatoka, akiinua ndoo unatoka. Mwanangu akahamia kulala kwa mdogo wake. Aibu tupu.

Hospitali kule Homa Bay wakampima, wakasema misuli ya chini imelegea. Wakampeleka kwa mama mmoja Mhindi, mke wa mwenye duka la vitambaa. Tulimwita Mama Kiran. Alifundisha yoga pale pale kliniki, siku ya kina mama waliojifungua.

Nilimsindikiza nikidhani ni uganga. Lakini yule mama hakumgusa mtu kabla sista hajampima presha na kusoma kadi yake. Halafu kila mwanamke akapewa lake. Huyu kupumua tu. Yule kunyoosha mgongo. Rose wangu akapewa kukaza misuli ya chini, kisha alale miguu juu ya ukuta. Mmoja alirudishwa kwa daktari hata viatu hajavua.

Polepole Rose akakauka. Mwanangu akarudi kwake kichwa chini. Mimi nikatembea soko lote kifua mbele.

Basi Achieng naye akazaa msichana, nyumbani, kwa mkunga. Miguu ikavimba mpaka kandambili zikamkataa. Kichwa kinamgonga. Nikamwambia twende Homa Bay.

Akanicheka. "Mama, nipande gari mpaka Homa Bay nikafundishwe kuinua miguu? Nyieka si yuko hapa."

Rose akamfundisha. Angemnyimaje?

Sasa sikieni ubaya wake. Miguu ilipungua kweli. Achieng akawa anawaonyesha majirani vifundo vyake kama bibi harusi na viatu vipya. Kichwa kikazidi, lakini nani anauliza kichwa wakati miguu imepona?

Asubuhi moja alikuwa amelala, miguu ukutani, mtoto ubavuni. Akaniuliza, "Mama, mbona umefunga dirisha?"

Dirisha lilikuwa wazi.

Kisha akaanza kutetemeka mwili mzima. Tulimbeba, gari likapatikana, lakini alituacha njiani.

Daktari alisema si zoezi lililomuua. Ni presha, na hakuna aliyeipima.

Bomani hawakutaka kusikia hilo. Wakasema ni mapepo ya Wahindi. Watu wa kanisa wakamwombea Rose mpaka akaacha mazoezi, na mkojo ukarudi. Mama Kiran naye hakuonekana tena kliniki. Na Rose, wakuu, hakumgawia mtu kitu tena. Hata chumvi.

Mtoto nilimlea mimi. Lavenda. Leo ni mwalimu, na hakuna wa kunifunga mdomo nikimsifu.

Majuzi amejifungua. Nikamkuta na simu, anafuata yoga ya mwanamke fulani wa mbali. Nikamuuliza presha imepimwa? Akasema bado. Nikambeba mtoto, nikasimama mlangoni.

Tulienda. Wakampima, iko sawa, wakamwonyesha mazoezi yanayomfaa yeye. Tukiwa njiani kurudi akaniuliza, "Dani," ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, "mama yangu alikuwa anafanya zoezi gani?"

Nikamwambia, "La Rose."



Wakuu, yoga siikatai, ilimkausha Rose nikiona. Lakini ianzie hospitali, na iwe yako. Chumvi mgawieni jirani. Kama kwenu kuna aliyepita njia hii, akapona au akazikwa, mniandikie hapa chini. Nasoma polepole lakini nasoma.