Nyama Isiyo na Kitunguu Swaumu

Admin, kabla ya yote nakuomba unifichie. Jina, picha, hata namna ninavyoandika, ukiweza badilisha. Bunda na Butiama si mbali na watu wanajuana. Nanyi mtakaosoma, tafadhali msimtumie mtu kisa hiki mkimuuliza, "Huyu si yule?"

Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, karani katika ofisi moja Butiama. Nyumbani ni Makoko, Musoma. Nina mchumba anayefanya kazi Bunda, na Jumamosi huja kwangu. Wiki ijayo ukoo wao unaleta ng'ombe wa mahari kwa baba. Hao ng'ombe hawatakaa kwetu, kwa sababu mahari ya dada ndiyo anayoolea kaka, na kaka yangu ameshawaahidi wakwe zake. Wakishapokelewa, kuwarudisha ni kuvunja nyumba mbili.

Mchumba wangu hajawahi kushika mwiko. Kwao mwanaume huchoma nyama nje na wanaume wenzake, masufuria ni ya wanawake. Hata maji ya kunywa alikuwa akiniomba mimi nimletee. Jumamosi iliyopita akaja na steki ya ng'ombe, karoti, hoho na kabichi, akaniambia nikae, leo anapika yeye. Nilifurahi, nikajiandaa kula chochote kitakachotoka.

Kisha nikaanza kuitazama mikono yake. Nyama aliiweka kwenye friji kwanza hadi ikaanza kuganda, ndipo akaikata vipande vyembamba akikatisha nyuzi zake. Akaacha kikaango kipate moto sawasawa, akakaanga nyama kidogo kidogo na kuitoa pembeni. Nilipouliza mbona haweki yote, akasema ukiijaza inatoa maji na kuwa ngumu. Karoti zikatangulia, zikafuata hoho, kabichi ikaja mwisho, ndipo akairudisha nyama na kumwagia soya sosi. Hakusita hata mara moja. Mtu anayejifunza hukosea. Huyu alikuwa ameshakosea mahali pengine.

Nikamuuliza amejifunzia wapi. Akasema kwenye simu. Nikamsogezea kitunguu swaumu nilichokuwa nimekimenya, maana anajua mimi bila hicho huwa naona sijala. Akakirudisha bila kunitazama.

"Acha hicho. Si kinakuchefuaga siku hizi?"

Hakijawahi kunichefua. Wala sina mimba.

Nikamuuliza kinamchefua nani. Mkono wake ukasimama, kabichi ikaanza kuungua. Baadaye akasema amenichanganya na mama yake. Tukala. Nyama ilikuwa laini kuliko yoyote niliyowahi kupika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kesho yake nikampigia mama yake, nikajifanya nauliza vyakula anavyopenda yeye mwenyewe ili nikishaolewa nisikosee. Nikachomekea la kitunguu swaumu. Alicheka, akasema yeye hukitafuna kibichi akipata mafua, kwani nani kaniambia kinamsumbua? Nikamweleza. Kicheko kikakatika. Nikasikia akifunga mlango.

"Mwanangu, pokea ng'ombe kwanza. Hayo mengine tutayaongelea ukishakuwa ndani."

Tangu hapo kazini nagonga mihuri ovyo. Huenda ni neno lililomponyoka tu, na mama wa watu hapendi ugomvi kabla ya sherehe. Lakini kwa nini afunge mlango? Jana kaka yangu amenitumia picha ya shati la harusi, akauliza kama limemkaa. Nikamjibu limemkaa.

Nishaurini, ndugu zangu. Niwazuie ng'ombe kwa neno moja lililotoka jikoni, au ninyamaze kaka yangu aoe?

Admin, usinipigie simu, mchumba wangu akiwa kwangu huishika yeye. Niandikie kama mtu anayeuliza bei ya sato. Wenzangu wa ofisini huniagiza samaki kila ninapokwenda Makoko, kwa hiyo hatashtuka. Nikijibu samaki wapo, nitumie waliyosema wasomaji. Nikijibu wameisha, yuko karibu, subiri. Na nikikuambia nimeacha kuuza, usiniandikie tena. Ujue ng'ombe wamefika.