Kusoma Bila Kusomea Kitu

Dada yangu alipostaafu ualimu wa shule ya msingi alitangaza, mbele ya familia nzima na sinia la ndizi kwa nyama, kwamba hatamuuliza tena binadamu yeyote swali ambalo yeye mwenyewe anajua jibu lake. Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyenifundisha darasa la kwanza na maswali yake nayajua. Yeye hakucheka. Alisema anataka kufungua chumba cha vitabu, na si cha wanafunzi. Cha watu. Mtu aingie, akae, asome, aondoke. Akitaka kununua anunue, asipotaka aache. Asiulizwe amejifunza nini.

Ilikuwa miaka ya soko huria, na kila aliyestaafu au kupunguzwa kazini alikuwa anafungua kitu. Mtaani kwangu Levolosi, karani wa bohari alikuwa amefungua bucha, mkaguzi wa shule anafuga kuku wa mayai, na mhandisi mmoja alikuwa na saluni ambayo ni mkewe tu aliyeielewa. Mimi nilikuwa na shahada, safu ya kila wiki gazetini na kitabu kimoja cha insha. Kwa hiyo nilikuwa naitwa kila jambo la familia lilipogusa karatasi: fomu za pasipoti, hotuba za harusi, na sasa hili.

"Profesa," dada alisema. Mimi si profesa. Ni jina analonipa akitaka nibebe kitu. "Jumamosi usipange safari. Nataka unizungushe niwaone wenye kazi ya vitabu wanaifanyaje. Jioni tunakwenda Kiwandani kupewa jibu la chumba."

Kiwandani ni mji mdogo chini ya Meru, pembeni ya barabara ya kwenda Moshi. Ulizaliwa na kiwanda cha nguo, na nusura uzikwe nacho. Mashine zilinyamaza, zikauzwa, kota za wafanyakazi zikaota majani hadi madirishani, na kwa muda mrefu abiria aliyetaka kushuka pale kondakta alimtazama kama mtu aliyepotea. Kisha ukaja ubinafsishaji. Aliyenunua majengo hakuleta mashine. Alijenga kuta za matofali katikati ya yale mabohari makubwa, akakodisha vyumba. Mafundi cherehani waliingia kwenye kantini, maseremala kwenye bohari la pamba, mashine ya kukoboa mahindi ikawekwa langoni. Mji ukafufuka, ingawa kiwanda hakikufufuka. Jina halikubadilika.

Kilikuwa kimebaki chumba kimoja kizuri, kile kilichokuwa cha kukagulia vitambaa, chenye madirisha makubwa upande wa mlimani. Waliokitaka walikuwa wawili: dada yangu, na bwana mmoja aliyetaka kufungua grosari, ambayo kwetu ni mahali pa bia na mbuzi wa kuchoma. Mzee msimamizi wa majengo yale alikuwa amesema ataamua Jumamosi jioni.

Tulianza na maktaba ya mkoa. Nilikuwa sijaingia humo siku nyingi, jambo ambalo sikumwambia dada, kwa kuwa mwezi uleule nilikuwa nimeandika makala kali kuwalaumu wananchi kwa kutokwenda maktaba. Tulikuta imejaa. Nilimgusa bega kwa furaha, kana kwamba ni makala yangu ndiyo iliyowaleta.

"Hebu angalia wanasoma nini," alininong'oneza.

Niliangalia. Kila mtu alikuwa na madaftari yake na mitihani ya miaka iliyopita iliyotolewa fotokopi. Hakuna aliyekuwa na kitabu cha maktaba. Vitabu vilikuwa nyuma yao rafuni, vimesimama wima na vumbi lao. Watu walikuwa wamefuata meza, mwanga na ukimya.

Mkutubi, binti mwenye kilemba cha njano, alitufuata. "Shikamooni. Mnasoma wapi?"

"Marahaba. Hatusomi popote," dada alimjibu. "Tumekuja kusoma."

Binti alitabasamu kwa subira. "Namaanisha, mnasomea nini? Ili niwaonyeshe rafu yake."

"Hatusomei kitu."

Alimtazama dada, akanitazama mimi, akatazama viatu vyangu. Kisha uso ukamfunguka. "Aa, ni walimu! Walimu wanakaa upande ule."

Tulikaa upande ule, na hapo ndipo nilipoanza kuona shida ya dada yangu ilipo. Lugha yetu imeiweka shule na kitabu katika neno moja. Ukisema mtoto anasoma, maana yake yuko shule. Ukisema mtu mzima anasoma, utaulizwa chuo gani. Na aliyemaliza kusoma, basi, amemaliza. Kumwona na kitabu ni kama kumkuta bwana harusi anarudia kutoa posa. Nilimweleza dada haya yote kwa sauti ya chini, kwa urefu, mpaka mwanafunzi wa meza ya jirani akatuomba tunyamaze, anasoma.

Duka la vitabu mjini kati lilikuwa na madaftari, seti za hesabu, Biblia, vitabu vya nyimbo, juzuu, kalenda na mashine ya fotokopi iliyokuwa ikipumua kama ng'ombe. Riwaya zilikuwepo, ndani ya kabati la kioo lililofungwa. Mwenye funguo alikuwa msibani Moshi. Dada aliweka mikono nyuma akazisoma migongo kupitia kioo, kama mtu anayetazama samaki.

Mimi nilipata ujasiri wa kipumbavu. Nilimuuliza mama muuzaji, kwa sauti ya mtu anayeuliza tu, kama wana kile kitabu cha insha. Nikataja jina la kitabu changu.

"Kipo kwenye mtaala?" aliniuliza.

"Sidhani."

"Kina maswali mwisho wa sura?"

"Hakina."

"Sasa mtu atajuaje kama amekielewa?" Alinionea huruma. "Hata mwandishi wake angefikiria hilo, baba."

Dada aligeukia kalenda. Nilimwona mabega yakimtikisika.

Kaloleni, karibu na uwanja wa mpira, tulimkuta mtu anauza vitabu vya mtumba chini, juu ya turubai, katikati ya viatu na mikanda. Huyu alikuwa mwepesi. "Mama, chukua hiki, kizuri sana, kina picha ya farasi."

"Umekisoma?" dada aliuliza.

"Mimi nasoma jalada tu, mama. Nikiingia ndani, nani atauza?"

Kwa siku ile alikuwa ndiye mtu wa kwanza wa vitabu aliyetupa jibu la kueleweka. Dada alijaza mfuko. Mimi niliubeba.

Tulifika Kiwandani jua likiwa limeanza kulala upande wa mlima. Meru ilikuwa imevaa wingu mabegani. Uani palikuwa na harufu ya mbao mpya na pumba za mahindi, na kutoka kwenye ile kantini ya zamani cherehani nyingi zilikuwa zikisema kwa pamoja. Mzee msimamizi alitupokea mlangoni mwa chumba. Alikuwa fundi wa mitambo kiwanda kilipokuwa hai, na bado alivaa koti la bluu la kazi, limefuliwa hadi likakaribia kuwa jeupe. Bwana wa grosari alikuwa ameshafika, ameegemea ukuta kama mtu aliyekwishaweka friji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibuni. Haya, niambie tena unafungua nini, maana mwenzako ameshanieleza na nimemwelewa."

"Mahali pa kusoma."

"Vizuri. Masomo gani?"

"Hakuna masomo, mzee. Kusoma tu."

"Nani anafundisha?"

"Hakuna anayefundisha."

Mzee alikuna shingo. Nikaona huu ndio wakati wa elimu yangu kufanya kazi. Nilisogea mbele. "Mzee wangu, tunachozungumzia hapa ni utamaduni wa kujisomea."

"Kujisomea?" Uso wake ulibadilika. "Mtoto wa shemeji yangu anajisomea. Alipata ziro kidato cha nne, sasa ni mwaka wa tatu anajisomea. Mwalimu, unataka kuniletea hapa waliofeli?"

Bwana wa grosari alicheka hadi kofia ikamdondoka. Dada alinitazama, na nikarudi nyuma bila kuambiwa.

"Sikiliza, mwalimu," mzee alisema kwa upole. "Kama ni tuisheni, ufunguo huu hapa. Wazazi wa hapa wananililia kila siku tuisheni. Sema tu ni tuisheni."

Aliutoa mfukoni kweli, ufunguo mkubwa wa chuma. Ulikuwa umbali wa mkono wa dada yangu. Nikamnong'oneza, "Sema ndiyo. Baadaye utawaeleza taratibu."

Najua alikitaka chumba kile. Nilikuwa nimemwona akipima kwa macho mahali pa kuweka viti, chini ya madirisha yale.

"Si tuisheni, mzee," alisema. "Nikikubali leo, mwisho wa muhula watakuja kudai maksi. Nitakuwa nimestaafu ili nirudi kazini. Nataka mtu akae na kitabu, basi."

"Mzee umesikia mwenyewe," bwana wa grosari alidakia. "Wake watakaa na wangu watakaa. Tofauti ni kwamba wangu watanunua kitu. Mwalimu usinichukie, lakini kitabu hakina povu."

"Na wako watakojoa wapi, mangi?"

Sauti ilitoka dirisha la jirani. Fundi cherehani mmoja, mama mnene mwenye futi ya kupimia shingoni, alikuwa ameacha kazi na kuegemea dirishani kwa viwiko vyote viwili.

"Choo kipo," alijibu bwana wa grosari.

"Kipo kule nyuma ya bohari la pamba! Mlevi atafika? Ataishia ukuta wetu huu. Vitambaa vya watu vya harusi viko hapa. Mzee, mimi nasema mapema, siku ya kwanza ya harufu nahama na wenzangu."

Mzee msimamizi alirudisha ufunguo mfukoni. Alitoka nje, akazunguka chumba, akainama kutazama mfereji wa maji machafu, ambao ulikuwa umejengwa kwa ajili ya watu wanaokagua vitambaa, si kwa wanywaji. Alirudi na uso wa fundi.

"Mwalimu, watu wako wanakunywa nini?"

"Hawanywi, mzee."

"Wanakaa muda gani?"

"Hadi wachoke."

"Mtu akiwa anasoma, anakwenda haja mara nyingi?"

Dada yangu, ambaye amesimama mbele ya madarasa miaka yake yote na anajua kutocheka, alilifikiria swali lile kwa heshima. "Kidogo tu, mzee."

Fundi cherehani alipiga kelele ya furaha na kupiga kingo za dirisha. Mzee alimpa dada ufunguo. Bwana wa grosari alipewa chumba cha tanuri la zamani, jirani kabisa na choo, na nadhani aliondoka akiwa na furaha kuliko alivyokuja. Mimi nilikuwa nimeandaa hoja nzito kuhusu maarifa na maendeleo ya jamii. Niliondoka nazo zote.

Dada alifungua baada ya kupaka chokaa na kumlipa seremala wa jirani kwa rafu na viti. Siku ya kwanza wazazi walikuja na watoto wamevaa sare, wamechongewa penseli. Aliwaambia hafundishwi mtu, ila wakitaka wakae. Waliwashika watoto mikono wakaondoka nao, kwa adabu, kama watu waliokosea nyumba. Siku zilizofuata tulikuwa wawili: dada mezani, mimi kitini, nikisoma safu yangu mwenyewe gazetini kwa sababu ilibidi mtu aisome. Dada alikuwa anapangusa vitabu visivyo na vumbi, na nyakati za mchana, vicheko vya grosari vilipofika hadi kwetu, aliinuka na kuhamisha kiti kutoka hapa kwenda pale, kisha akakirudisha.

Alhamisi mchana umeme ulikatika. Cherehani za umeme zikanyamaza, pasi zikapoa, na yule fundi mnene akaingia kwetu akijipepea kwa kipande cha kitambaa.

"Mwalimu, nakaa tu. Kwako kuna upepo."

"Karibu ukae."

Alikaa dirishani. Alitazama mlima, akatazama kucha zake. Kisha akavuta kitabu kilichokuwa karibu, hakuchagua, akakifungua katikati, akakifunga, akaanza mwanzo. Alikuwa anafuata mistari kwa kidole na midomo ikitembea. Baada ya kurasa kadhaa akaguna. Baadaye akasema "Huyu mwanamke mjinga!" kwa sauti, si kwetu.

Nilimtazama dada. Alikuwa amesimama, ameshika ukingo wa meza, na swali limemjaa mdomoni kabisa. Mwanamke gani? Kwa nini mjinga? Eleza. Nilimwona akilimeza. Lilikwenda chini polepole.

Umeme ulirudi. Upande wa pili cherehani zikaanza moja baada ya nyingine, na wenzake wakamwita, "Mama! Umeme umerudi! Mwenye gauni yuko hapa, amekuja kujaribu!"

Alifunua ukurasa.

"Mwambieni aje kesho," alisema.

Walimwita tena, na safari hii hakujibu. Dada yangu alipita nyuma yake kwa miguu ya taratibu, akausukuma mlango hadi kelele za cherehani zikapungua, akarudi kukaa.