Kibao Kilichobaki Wazi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya maendeleo ya jamii pale Nyamira, mkubwa wangu alinikuta nimeshahamisha meza mara mbili. "Wewe hutulii?" akaniuliza. Situlii. Hata leo nimestaafu, mke wangu husema mimi ni kuku anayetafuta pa kutagia. Lakini ninyi vijana mnaodhani maonyesho ya sanaa hujipanga yenyewe, jueni kwamba kuna mtu amezunguka ukumbi mpaka miguu ikamuuma.

Miaka ya sabini ilipoanza nilihamishiwa Kisii mjini, nikakabidhiwa mashindano ya wasanii wa wilaya. Kila sanamu tuliiweka juu ya kibao, yaani sanduku refu la mbao la kuinua kazi ifikie macho. Majaji walipita wakihukumu, na msanii alisimama kando ya kazi yake kuwajibu. Asiyesimama, kazi yake ilitolewa.

Mzee Ombati wa Tabaka alileta bakuli la jiwe la sabuni, jeupe, jembamba kama ganda la yai. Mwanawe Nyakundi, aliyekuwa ametoka chuoni, alileta sanamu ya mwanamke anayejifungua, uchi kabisa, jiwe la rangi ya waridi. Mbele ya sanamu ile, mimi nisiyetulia nilisimama.

Afisa Mkuu, mgeni kwetu, alifurahi. "Baba na mwana! Waweke pamoja."

"Bwana Afisa, haiwezekani. Kuna ensoni." Nikamweleza kwamba kwetu Wagusii baba na mwana hawatazami uchi pamoja, hata uwe wa jiwe. Ensoni ni aibu, lakini ndiyo heshima yenyewe. "Nitaifunika kwa gunia mzee akiwa ndani."

"Kazi iliyofunikwa haihukumiwi. Na ukumbi ni huu mmoja."

Asubuhi ya hukumu, Mzee Ombati alifika mlangoni, akavua kofia, akabaki nje. Majaji walikuwa wameshaanza. Nilikwenda mlangoni, nikarudi kwenye kibao, nikaenda tena. Sanamu ingebaki pale, mzee asingeingia, na bakuli lake lingetolewa.

"Tata," nikamwita, kama tuitavyo baba kwetu, "majaji wanakaribia."

"Wacha hiyo bakuli itolewe," akasema. "Mimi kuingia siwezi." Lakini hakuondoka pale mlangoni.

Nyakundi alituona. Akachukua gunia, akaanza kuifunga sanamu yake. Nikamshika mkono. "Wewe ndiye utashinda, kijana!"

"Mawe iko mingi huko Tabaka," akanijibu. "Baba ni moja." Akaibeba begani, akatokea mlango wa jikoni ili wasipishane.

Mzee aliingia, akasimama kando ya bakuli lake. Juu ya kibao cha pili ulikuwa umebaki unga wa jiwe tu, ule unaodondoka kwenye kitako cha sanamu. Aliuchota kwa kidole gumba, akausugua taratibu.

"Huyu iko na mkono," akaniambia kwa sauti ya chini. "Umwambie."

Bakuli lilishinda. Nilipomfikishia Nyakundi maneno ya baba yake, alilia waziwazi, kisha akanisukumia lile gunia, sanamu ikiwa ndani. "Kaa nayo wewe. Nyumbani siwezi kuirudisha."

Nimekaa nayo hadi leo, hapa kwangu Birongo, kati ya migomba na majani chai. Huihamisha kila mara, sebuleni, chumbani, sebuleni tena, kwa sababu nami nina mwana. Nikisikia sauti yake langoni, naikimbiza chumbani, nami magoti yangu ni ya kizee.

Juzi alinifumania. Alikuwa ameshafungua mlango, nami nimeikumbatia katikati ya sebule. Nikavua koti, nikaifunika. Mwanangu akageuzia uso ukutani.

"Baba," akasema, "wacha nipige hodi tena."

Akarudi nje, akavua kofia, akasimama mlangoni kusubiri nimwite. Nilichelewa kumwita. Machozi yalikuwa yakinitoka, nayo pia sikutaka ayaone.