Fungula na Fungura Kando ya Nyabarongo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, katika miaka ile Kigali ilipokuwa na meli. Cheka tu, najua unawaza nini. Mji wa vilima, bahari iko mbali hata kwa lori, meli itoke wapi? Lakini sisi vijana wa mtaa wa Biryogo tuliiita meli, na tena ilikuwa meli iliyozama.

Kusema kweli kilikuwa chombo cha chuma cha kuchotea mchanga mtoni Nyabarongo, kipana kama ua wa nyumba, chenye injini na tangi. Kampuni iliyokileta ilisimamisha kazi vita vilipoanza kule kaskazini, wakubwa wake wakapanda ndege, chombo kikaachwa kimefungwa kwenye mti. Kamba ikaoza, mvua zikakijaza, kikalala chini karibu na ukingo, nyuma ya mafunjo. Kila mtu akakisahau. Kisha wanawake waliokuwa wakiteka maji upande wa chini wakaanza kuona rangi za upinde wa mvua zikielea ndani ya ndoo zao.

Tangi lilikuwa bado na mazutu, yaani dizeli, na kutu ilikuwa imeanza kulitafuna. Masika yalikuwa yanakaribia. Mto ukifurika ungeligeuza lile tangi na kulipasua, na mazutu yote yangewashukia watu wa bondeni. Mmoja wao alikuwa Mama Vestine, aliyelima mboga kando ya mto na kuteka maji hayo hayo ya kupikia na ya kuogeshea watoto wake pacha. Ndiye aliyemsumbua konseye wa sekta, ndiye kama diwani, mpaka konseye akakosa pa kujificha, akaja gereji kwetu.

Gereji ilikuwa ya Mzee Amisi, mtu wa Uvira kule Kongo, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye meli za Ziwa Tanganyika kabla hajahamia Nyamirambo kutengeneza malori. Mimi nilikuwa fundi wake kijana, na nilijiona fundi kuliko nilivyokuwa. Hilo nalo ni la ujana, halina dawa ila miaka.

Kazi yenyewe, mwanangu, haikuwa uchawi. Mafuta hayapendi kukaa chini ya maji, yakipata njia hupanda yenyewe. Basi tangi lingepewa mipira miwili. Wa kwanza ungepeleka maji ya pampu hadi chini ya tangi, wa pili ungefungwa kwenye mdomo wa juu na kuyaleta mazutu kwenye mapipa yetu ukingoni. Maji yakiingia, mazutu yatoke. Lakini ole wako uyaingize maji kabla mpira wa juu haujakazwa. Mazutu yote yangemlipukia mpiga mbizi usoni, kisha yakashika njia kwenda kwa Mama Vestine. Maji yakimwagika hayazoleki, na mazutu mtoni ndiyo hayazoleki kabisa.

Mpiga mbizi alikuwa Damasi, mkwe wa Mzee Amisi, kijana mpole aliyeshuka na mpira mwembamba wa kuvutia hewa mdomoni. Mzee alisimama kwenye mtumbwi juu yake, ameshika kamba ya ishara. Mimi nilikuwa ukingoni kwenye pampu, mkono kwenye koki ya maji. Kati yangu na Mzee yalisimama mafunjo, marefu kuliko mtu. Simwoni, hanioni. Nilikuwa na masikio tu.

Siku ya majaribio, kabla tangi halijaguswa, Mzee aliniambia "Funga..." nami nikaifunga koki kwa mbwembwe. Kumbe alitaka kusema "funga kamba". Mtumbwi ulienda zake na mto, naye yumo ndani, mpaka tukaukimbilia kwa fito. Nilitegemea tusi. Alishuka taratibu, akakamua suruali yake, akaniambia:

"We mutoto, masikio yako iko na mbio kupita kinywa yangu. Kuanzia leo, neno ya kazi nikikupa, unanirudishia kwanza. Nikisema ndiyo, njo unafanya."

Tangu hapo kila neno lilikwenda na kurudi. Akisema "Fungula maji," nami nijibu "Nafungula maji," naye aseme "Ndiyo," ndipo niguse koki. Niliona aibu, mwanangu. Mafundi wenzangu walinicheka kwamba nimerudishwa darasa la kwanza kukariri. Nikawa namrudishia Mzee maneno yake kwa kumwigiza, na ile sauti yake ya Uvira, nikivuta mdomo. Alisikia, akaendelea na kazi yake. Mtu mzima hapigani na kivuli.

Ikaja siku yenyewe. Damasi alikuwa chini. Pampu inanguruma, mashine ya hewa nayo inanguruma, jasho linaniingia machoni, mkono wangu uko kwenye koki. Nilikuwa nasubiri neno moja tu duniani, "fungula". Nikalisikia. Lilitoka nyuma ya mafunjo, limemezwa nusu na kelele: "...fungure!"

Mkono ukaanza kuzunguka. Wallahi ulianza, niliuhisi mwenyewe. Kilichouzuia si busara, maana sikuwa nayo. Ni mazoea ya mzaha. Mdomo ulitangulia, nikapaza sauti kwa ile sauti ya kumwigiza: "Nafungula majii!"

Nikangoja "Ndiyo". Haikuja. Kisha nikamsikia Mzee Amisi, na sijawahi kumsikia hivyo tena maisha yake yote, sauti nyembamba kama ya mtoto:

"Apana. Apana, baba. Wacha mukono. Damasi hayamaliza."

Nikaiachia koki kama imenichoma.

Unajua neno lile lilitoka wapi? Mama Vestine alikuwa amekuja kwa njia ya upande wa pili, kapu kichwani, viazi vitamu na maharage, kutushukuru kabla hatujamaliza. Aliwakuta watu kazini akafanya kama alivyolelewa, akawakaribisha kwa heshima: "Mufungure." Kwa Kinyarwanda fungura ni kufungua, naam, lakini ukimwambia mtu kwa adabu "mufungure", umemkaribisha chakula. Na Mzee wetu wa Uvira hasemi fungua kama watu wa pwani, anasema fungula. Nami niliyezaliwa Biryogo, ninayezijua lugha zote mbili, nilisikia lile nililokuwa nalingoja.

Damasi alipoibuka, bende, ule mkanda wa chuma wa kukazia mpira, ilikuwa bado mkononi mwake. Alikuwa ameuziba mdomo wa tangi kwa kiganja, na kabla ya kupanda akaurudishia kizibo chake. Alipoambiwa kilichotaka kutokea, alikitazama kile kiganja, akashuka tena, akakaza mpira mara mbili.

Mzee alikuja ukingoni, akaketi kwenye matope na suruali yake safi. Nilikaa karibu naye kwenye matope yale yale, na sikuona aibu. Mama Vestine alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Ariko, muzehe," akasema, yaani lakini, mzee, "mimi nilisema mukule tu. Chakula iko na ubaya gani?"

Basi tukacheka. Tulicheka hadi Damasi akapaliwa na kiazi. Sijawahi kula maharage matamu kama yale, na yalikuwa na chumvi nyingi.

Tulipokwisha kunawa, kila mtu akarudi mahali pake. "Fungula maji." "Nafungula maji," nikajibu, safari hii kwa sauti yangu mwenyewe. "Ndiyo." Mpira ukatikisika, ukapumua, mazutu yakaanza kushuka kwenye pipa, meusi, mazito, kwa utulivu. Jua lilipokaribia mlima, mpira ulitoa maji matupu. Niliyakinga kwa viganja, nikayanusa, nikamwachia Mzee naye anuse. Alifumba macho akasema alhamdulillahi. Masika yalikuja na mafuriko yake, yakalibiringisha lile tangi kama debe tupu, na ndoo za Mama Vestine hazikuwa na rangi yoyote.

Yaliyoufikia mji huu baadaye, mwaka wa tisini na nne, unayajua, nami leo siyasimulii. Nitasema hili tu: niliona watu wengi waliopewa neno wakalitenda palepale, na hakuna hata mmoja aliyelirudisha kwa aliyelitoa amwulize, je, ndivyo ulivyosema, na je, kuna mtu chini?

Kwa hiyo, mwanangu, usinijibu "sawa, sawa" kabla sijafunga mdomo. Kuuliza si ujinga. Ukipewa neno, lirudishe, hata kama wenzako watakucheka, hata kama wewe mwenyewe unalicheka. Na ujihadhari zaidi na lile ulilokuwa ukilingoja kwa hamu, maana hilo sikio hulisikia hata lisiposemwa.

Mungu akufungulie la heri, akufungie la shari, na siku utakapokuwa chini ya maji, akuwekee ukingoni mtu wa kuuliza. Usiseme Amina kwanza. Nirudishie, nimesema nini?