Fundi wa Alaimenti pale Kapsoit

Huyo fundi wa kunyoosha magurudumu hakuwa anauliza gari ina shida gani. Alikuwa anachuchumaa, anapitisha kiganja juu ya tairi polepole, vile mtu hupapasa ng'ombe mgonjwa. Ikiwa imelika upande mmoja, anasema tu, "Miguu imepinda," halafu anavuta uzi wa kushonea magunia kutoka gurudumu la nyuma mpaka la mbele, aone imepinda kiasi gani. Sauti yake ilikuwa chini sana. Hata sisi tuliozoea kupumzisha miguu pale tulikuwa tunainama kumsikia.

Mwaka wa tisini na saba, mvua ikiwa imechimba barabara yote, kijana mmoja, Johana, alileta pikapu yake ijazwe upepo tu. Nyuma walikaa dada zake wawili na jeneza tupu. Walikuwa wanaenda mochari ya hospitali ya Longisa kuchukua mwili wa baba yao. Fundi akapapasa tairi za mbele, akazipata nzima. Akapapasa za nyuma, akazipata zimelika upande mmoja.

"Umehamisha tairi."

"Zilikuwa zinaisha upande, mzee. Nikazirudisha nyuma."

"Hiyo hainyooshi gari. Uligonga shimo. Tangu hapo stelingi inavuta?"

"Kushoto kidogo. Lakini leo tunangojewa, mzee wangu. Nitakuja baada ya mazishi."

"Mazishi ya nani? Ya marehemu, au yenu?"

Johana akazima injini. Dada zake wakashuka, wakasimama kwa mvua wakimtazama fundi akijilaza matopeni chini ya gari. Saa tisa ikapita, saa kumi ikapita. Siku hiyo baba yao hakufika nyumbani, alilala tena mochari.